Nyimbo nilizopakua zimegoma ukumbini. Ninunue wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni DJ wa harusi na send-off, nipo Chang'ombe hapa Dodoma. Kuna programu ya muziki ninayoilipia kila mwezi, na nyimbo zangu zote nilikuwa nimeshazipakua. Jumamosi tulikuwa na shughuli ndanindani huko Kongwa, mtandao hamna. Nafungua programu, nyimbo zimefifia, hazibonyezeki. Bibi harusi yuko mlangoni anasubiri wimbo wa kuingilia! Sasa nataka nyimbo zangu mwenyewe. Duka gani lina sauti nzuri, bei nafuu, na haliweki kufuli?

JIBU: Pole sana, DJ. Neno "pakua" kwenye programu hizo limeshawaumbua wengi. Wimbo unaingia kwenye simu kweli, lakini umefungwa, na ufunguo anao mwenye programu. Spotify, kwa mfano, inakutaka uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe bado unalipa. Ukipitiliza, au kifurushi kikiisha, nyimbo zimelala. Isitoshe, masharti yao yanasema ni muziki wa kusikiliza mwenyewe, si wa kupigia ukumbini. Kwa hiyo hata mtandao ungekuwepo Kongwa, chombo ulichobeba hakikuwa cha kazi yako.

Kwenye maduka yanayouza wimbo mmoja mmoja, habari ya kufuli ilishakwisha. Apple walipofungua duka lao la iTunes mwaka 2003, wimbo uliuzwa senti 99 za dola, kwa AAC (aina ya faili ya sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde, na ulifungwa usichezwe kwenye kompyuta zaidi ya tatu. Mwaka 2007 Amazon wakaja na MP3 za kilobiti 256 zisizo na kufuli lolote. Januari 2009 Apple nao wakatangaza kuliondoa, sauti ikapanda hadi 256, na bei zikawa tatu: senti 69, senti 99 na dola 1.29. Waliokuwa wamenunua nyimbo zenye kufuli kwenye duka la Yahoo walikiona cha moto, maana duka lilipofungwa mwaka 2008 na mitambo ya funguo ilizimwa, ikabidi kampuni iwafidie. Ndiyo maana mimi, faili nisiyoweza kuinakili kwenye flashi naihesabu kuwa ya kukodi, hata kama risiti inasema nimenunua.

Kutokuwa na kufuli, hata hivyo, si ruhusa ya kugawa. Faili za iTunes hubeba ndani yake utambulisho wa akaunti iliyonunua. Ukizimwaga kwenye kundi la WhatsApp, jina lako linatembea nazo. Na kupiga wimbo hadharani ni haki nyingine kabisa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kununua faili hakukupi haki hiyo.

Tuje kwenye sauti. CD inapitisha kilobiti 1,411 kwa sekunde. FLAC inabana hiyo hiyo bila kutupa kitu, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unakuwa kama megabaiti 25 hadi 30. MP3 ya 320 ni kama 10, ya 128 haifiki 4. Nitakwambia ukweli ambao wauza FLAC hawaupendi: MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri na FLAC, kwenye spika za ukumbini, watu wakiwa wanashangilia, mimi mwenyewe sizitofautishi. Ya 128 naijua. Chukua rekodi nzuri ya ilimba ya Kigogo, ile ala ya meno ya chuma, kama zile za marehemu Hukwe Zawose. Ule mzizimo unaosindikiza kila jino likidonolewa ni sauti nyembamba za juu kabisa, na mbano mkali huanza kutupa hizo kwanza. Kwenye simu hutasikia tofauti. Fungua twita za ukumbi, yaani spika ndogo za sauti za juu, uone: mzizimo unageuka kama maji yanayochuruzika, na kila mdonoo unatanguliwa na kivuli chake.

Sasa jihadhari na 320 za uongo. Vijana wanaoweka nyimbo kwenye flashi mjini wanatoa sauti YouTube, ambako mara nyingi ni kilobiti 128 hivi, kisha wanaigeuza kuwa "320". Kinachoongezeka ni uzito wa faili tu, kilichotupwa hakirudi. Pakia programu ya bure inayoitwa Spek, ingiza wimbo, tazama mchoro. Ukikuta rangi zimekatika kama zimepigwa rula kwenye kilohezi 16 (kipimo cha wembamba wa sauti), ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu duka, mimi ningeanza na Bandcamp. Ukilipa mara moja unachagua mwenyewe MP3, FLAC au WAV (sauti kamili isiyobanwa) bila nyongeza, bei anapanga msanii, na Bandcamp wanakata asilimia 15 ya mauzo ya faili, inayobaki ni ya msanii baada ya makato ya malipo. Singeli ya Dar iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes wa Kampala utaikuta humo. Kwa hausi na amapiano nenda Beatport. Bei ya kawaida unapewa MP3 ya 320, ukitaka WAV unaongeza hela. Qobuz ya Ufaransa ina sauti nzuri kuliko wote, hadi biti 24, ila huduma yao haijafika kwetu, tuiache. Kulipa, kadi ya Visa au Mastercard ya mtandaoni inatosha. Weka dola moja kwa shilingi 2,500 kwenye hesabu zako, na usisahau makato ya kubadilisha fedha wala bando: nyimbo 40 za FLAC ni gigabaiti moja na ushee.

Bongo Fleva ya harusini ndiyo ngumu kwenye maduka hayo. Ninachofanya ni kumwandikia msanii au meneja wake na kumwomba WAV, nikijitambulisha kuwa ni DJ. Wengi wanatuma siku hiyo hiyo, kwa sababu wanataka wapigwe. Kwaya nazo, nunua CD halisi kwao wenyewe kanisani, kisha itoe kwenye kompyuta kuwa FLAC.

Jambo la mwisho: mashine nyingi za kukodi haziifahamu FLAC. Hifadhi FLAC nyumbani, na kwenye flashi ya kazini weka MP3 za 320. Beba flashi mbili, uzijaribu zote mafundi wakiwa bado wanafunga spika, wageni hawajaingia.