Jibu: Mtoto wa darasa la tatu bado anahesabu kwa vidole

Mama, umeuliza kama umkataze vidole anapojumlisha 8 na 7. Usimkataze. Atavificha chini ya meza tu, aendelee kuhesabu moja moja kwa woga.

Nionavyo, kinachomkwamisha ni jozi za 10 ambazo hazijamkaa kichwani: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Anzia hapo. Mkiwa njiani au mnaosha vyombo, wewe taja 8, yeye ajibu 2. Zikishamkaa, 8 + 7 haimsumbui tena: anachukua 2 kutoka kwenye 7, ile 8 inakuwa 10, zinabaki 5, jibu 15. Hata 46 + 38 inakwenda hivyohivyo. Ongeza 4 upate 50, halafu 34 zilizobaki, 84.

Akishajibu, muulize "umepataje?" hata kama amepata. Wangu aliniambia 52 − 19 ni 33 nikadhani kabahatisha. Kumbe alitoa 20, akarudisha 1! Mimi wakati huo bado nilikuwa nakopa kumi kichwani.

Dakika 5 hadi 10 kwa siku zinatosha, na saa ya kumpima kasi iweke kando kwanza, maana mtoto akiwa na hofu hata anachokijua kinampotea. Jedwali la kuzidisha pia halina haraka, ila la 4 unaweza kumwonjesha. Kwa 4 × 7, azidishe kwa 2 halafu tena kwa 2: 7 mara mbili ni 14, 14 mara mbili ni 28.