Mpini wa mkono bado upo?

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama uache benki uende kulinda mitambo ya umeme dhidi ya wadukuzi, na mshahara wenyewe unapungua. La mshahara muulize babako. Mimi nina la mitambo.

Benki mkishuku kompyuta mnaichomoa kwanza. Kwenye mtambo, ukichomoa ovyo unaweza kumuumiza fundi aliye upande wa pili. Huko hutangulia uhai wa watu, kisha kazi isisimame. Siri ni ya mwisho. Tena usiende na ile programu yenu ya kupekua mtandao. PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha pampu na mashine, ikiwa ya zamani na ikabishwa hodi milango yote ya mtandao kwa mpigo, huweza kuganda, na pampu ikaifuata. Wewe sikiliza tu: omba swichi ya mtandao ikunakilie mawasiliano pembeni, usome wiki mbili nani anaongea na nani. Modbus, lugha ya zamani ambayo vifaa hivyo huzungumza, mlango wa 502, haiulizi nywila. Aliyefika pale akiamuru anatiiwa.

Sasa Ukraine. Najua, kakako huinuka mezani nikianza. Tarehe 23 Desemba 2015, makampuni matatu ya kusambaza umeme. Wadukuzi walikuwa ndani kwa miezi, waliingia kwa barua pepe yenye faili la ofisini, wakaiba nywila, wakapita njia ya mbali isiyodai uthibitisho wa pili. Mchana ule waendeshaji wanaona kipanya kinatembea chenyewe kwenye skrini, kinafungua breka, zile swichi kubwa za kukata umeme, moja baada ya nyingine! Wateja kama 225,000 gizani. Simu za huduma zikafurikwa na miito ya uongo, kompyuta zikafutwa, na vile vifaa vinavyounganisha kituo cha kupozea umeme na mtandao vikaharibiwa programu yake ya ndani, breka zisifungike tena kutoka mbali.

Unajua waliurudishaje? Mafundi walipanda magari, wakaenda kituo kwa kituo, wakafunga breka kwa mkono. Saa chache tu, sita kwa waliochelewa. Kama jenereta la babu yako na kamba yake. Nimesema na nasema tena: mtambo usioweza kuuwasha kwa mkono si wako.

Ila utanijibu kwamba vituo vipya havina mtu, viko mbali, na magari hayatoshi. Ni kweli. Pengine wale waliokolewa na ukongwe wa mitambo yao, wala si mpango wa mtu. Lakini mbona waliokoka?

Sikuambii nenda, sikuambii baki. (Benki hujawahi kuipenda, lakini sijasema kitu.) Siku ya usaili waulize nakala ya programu za PLC inakaa wapi, nje ya mtandao au ndani, na mkandarasi huingia na kompyuta ya nani. Kisha omba wakupeleke kituoni, utazame mpini wa breka una grisi au una utando wa buibui.

Mamako