Barua ya mshauri nasaha na likizo ya ugonjwa

SWALI: Mhariri, mimi ni keshia katika kampuni ya mabasi jijini Mwanza na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Tangu ofisi yetu ilipovamiwa na majambazi, usiku silali, na mchana mlango ukigongwa kwa nguvu mikono inatetemeka hata nashindwa kuhesabu fedha. Mshauri nasaha ninayemwona ameniandikia barua ya kurasa mbili akipendekeza nipumzike wiki tatu. Afisa utumishi ameikataa kwa kuwa si cheti cha daktari, kisha akanitaka nimpelekee maelezo ya yote niliyozungumza na mshauri. Nifanye nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana, dada yetu. Katika madai mawili ya afisa wako, la kwanza lina mashiko kisheria. La pili halina.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowahusu wafanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, inakupa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na haikusema ugonjwa wenyewe uwe wa mwili tu. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kukulipa usipoleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri hawezi kumkataa mtabibu huyo bila sababu ya msingi. Mshauri nasaha, hata awe hodari kiasi gani, kwa kawaida si daktari aliyesajiliwa, na kubishania jambo hilo kutakumalizia siku ambazo ungekuwa umekwisha kupumzika.

Kwa hiyo barua hiyo ipeleke kwa daktari, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando, nawe umweleze kwa kinywa chako usingizi unavyokukimbia, mikono inavyotetemeka mbele ya fedha, na tangu lini. Barua itamsaidia kuelewa, lakini atataka kukupima mwenyewe. Akiridhika, atakuandikia ED, yaani cheti cha kukupumzisha kazini kwa sababu ya ugonjwa. Kabla hujaondoka, isome palepale: jina lako kama lilivyo kazini, tarehe uliyoonwa, siku ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, jina la daktari, saini, namba ya usajili na mhuri unaosomeka. Likikosekana moja kati ya hayo, utarudishwa hospitalini na hali yako haijakuruhusu kuzunguka zunguka.

Kuhusu dai la pili, nakuomba usilegee. Inatosha kabisa cheti kiseme: “Mgonjwa huyu yuko chini ya uangalizi wangu wa kitabibu na hataweza kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani.” Mwajiri ana haja ya kujua kwamba huwezi kufanya kazi na kwa muda gani, ili apange mtu wa kushika nafasi yako; uliyomwambia mshauri wako ukilia ni yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, nawe unaweza kuitaja kwa heshima katika jibu la maandishi. Kama nakala ya zile kurasa mbili imebaki mezani kwa afisa huyo, iombe irudishwe.

Cheti kikabidhi pamoja na barua fupi ya kuomba likizo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mshahara ukizuiliwa licha ya hayo, unaweza kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wakati wa mapumziko usiache kumwona mshauri wako, na ukiona wiki tatu hazitoshi, rudi kwa daktari kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa kila nyongeza huhitaji cheti chake.