Kabla Hujauziwa Bodi Mpya ya Mashine ya Kuosha Vyombo

Mashine ya kuosha vyombo ikigoma, neno utakalolisikia kwa mafundi wengi wa Nairobi ni "bodi imeungua", yaani ubao wa saketi unaoiongoza mashine. Bodi ni miongoni mwa vipuri vya bei kali kuliko vyote humo ndani, na mara nyingi haina kosa. Hitilafu ya umeme hupenda kukaa penye maji, joto au msuguano: kwenye plagi, mlangoni, kwenye hita, kwenye trei ya chini. Anza ukutani, ingia ndani kidogo kidogo, na bodi iwe ya mwisho kushukiwa.

Chomoa plagi. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu fundi akiwa alibadilisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), umeme hubaki ndani ya mashine hata swichi ikiwa imezimwa. Funga koki ya maji. Vipimo vyote vya omu, yaani vya upinzani wa umeme, hufanywa plagi ikiwa nje, na kifaa unachokipima kiwe kimetolewa waya zake, la sivyo utasoma vifaa vingine vilivyoungana nacho.

Sasa plagi yenyewe. Mashine nyingi hula kati ya wati 1,800 na 2,200 zinapopasha maji. Kwa stima yetu ya volti 240, wati 2,000 ni kama ampea 8.3, tena kwa dakika nyingi mfululizo. Soketi iliyolegea haiuwezi mzigo huo. Fungua plagi utazame: plastiki iliyogeuka kahawia karibu na pini ya laivu, kishikio cha fyuzi kilichopanuka, skrubu inayozunguka bila kubana. Ukiona hivyo, fyuzi mpya pekee itaungua tena. Badilisha plagi na soketi, kata waya uliopoteza rangi mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha ukaze. Fyuzi iwe ya ampea 13, si karatasi ya sigara. Ekstenshoni usiitumie kabisa.

Taa zikiwaka lakini mashine haianzi, nenda mlangoni. Ndani ya kufuli kuna swichi ndogo: ikibonyezwa, multimeta (kifaa cha kupimia umeme) isome karibu na sifuri; ikisoma omu kadhaa, au namba ikirukaruka, swichi imechoka. Kama vitufe viko kwenye mlango, shuku pia waya zinazopita kwenye bawaba, kwa maana hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ganda hubaki zima huku shaba ya ndani imekatika, kwa hiyo macho yatakudanganya. Weka multimeta kwenye mlio, shika ncha mbili za waya mmoja, mtu mwingine afungue na kufunga mlango polepole. Mlio ukikatika katikati ya safari, umeupata.

Pampu ya kutoa maji ikinguruma bila kukoma, mara nyingi hiyo si hitilafu ya umeme. Maji yamevuja hadi kwenye trei ya chini na boya limeinuka. Kausha trei kwa sponji, kisha utafute yanakovuja.

Mashine isipojaza maji, usikimbilie valvu ya kuingizia maji. Katika mitaa yetu yenye mgao, mashine nyingi hutegemea tangi, na kila mita ya kimo hutoa takriban bar 0.1. Nyingi zinataka angalau bar 0.3 hadi 0.5, yaani tangi liwe mita 3 hadi 5 juu ya valvu. Presha ikiwa sawa, pima koili ya valvu: ya volti 240 kwa kawaida husoma kilo-omu 3 hadi 5.

Hitilafu ya kuangusha breka ndiyo inayosumbua watu zaidi, nayo hutambuliwa kwa wakati breka inapoanguka. Breka ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ikianguka pindi tu unapochomeka, shuku waya wa umeme au kichujio cha kelele za umeme kilicho pale waya huo unapoingilia. Ikianguka maji yanapoingia, ni valvu. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, maji yanapoanza kupashwa, ni hita. Hita nzima husoma omu 20 hadi 30, lakini kipimo hicho hakikwambii kama inavuja kwenda ardhini. Multimeta ya kawaida hutumia volti chache na inaweza kuisifia hita mbovu. Kinachotakiwa ni mega ya volti 500, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme, nayo isome zaidi ya mega-omu 1 kati ya hita na mwili wake. Huna mega? Toa waya zote mbili za hita, zifunge vizuri kwa tepu, rudisha vifuniko, kisha uendeshe mashine. Isipoangusha breka, hita ndiyo mkosaji, hata kama baadaye mashine italalamika kuwa maji ni baridi. Fundi akikushauri uipite RCD, mwonyeshe mlango. Mashine hii ina maji, chuma na mikono ya watu.

Hita ikiwa nzima na maji bado baridi, pima kihisi cha joto: nyingi husoma karibu kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, na hushuka ukikitia kwenye maji moto. Baada ya hapo ndipo ufungue bodi. Geuza upande wa chini utazame miguu ya rilei ya hita, yaani swichi ya umeme inayoiwasha hita. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu ni lehemu iliyopasuka: isafishe, ulehemu upya. Kagua pia mende, maana hupenda joto la bodi na kinyesi chao hupitisha umeme.

Mashine iliyozimika kabisa stima iliporudi kwa kishindo huwa imeungua varista, kidude cha duara cha kuikinga na volti zilizopanda, aghalabu cha buluu, karibu na waya za kuingilia, pamoja na fyuzi ya bodi. Kikiandikwa 14D431 ni cha volti 275. Peleka cha zamani Luthuli Avenue, ununue chenye namba ileile. Rilei pia hununuliwa hivyo, na volti za koili lazima zilingane.

Ukimaliza, pima kutoka pini ya ardhi ya plagi hadi chuma cha mashine: chini ya omu 1. Endesha programu ya maji moto, na baada ya dakika 20 gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si neno. Ikikuchoma, rudi kwenye soketi.