Kalenda imejaa, fedha haziongezeki: kampuni ya mafunzo ya uongozi inavukaje hapo?

Mleta uzi ana kampuni ya mafunzo ya uongozi yenye miaka mitatu. Wawezeshaji ni yeye na mwenzake, kalenda imejaa, lakini mapato yamesimama palepale. Anauliza: aajiri, au aziweke kozi zake mtandaoni?

Mkuu, kabla ya yote mawili, chukua ankara zako uone kilichoandikwa. Naamini ni "siku 2 za mafunzo", yaani unauza siku zako. Sasa piga hesabu. Mwaka una siku 365. Ondoa siku 104 za wikendi, ondoa kama 30 za likizo, sikukuu na kuugua, zinabaki 230 hivi. Mtu ambaye ndiye huyo huyo anatafuta wateja, anaandika mapendekezo, anaandaa vitini na kusafiri, hawezi kusimama darasani zaidi ya nusu ya siku hizo. Dari lako ni siku 110 au 115 kwa mtu mmoja. Ukipandisha bei utapumua kidogo, kisha utagota palepale.

Wakubwa wa fani hii nao walibadilisha wanachouza. Dale Carnegie alianza mwaka 1912 kufundisha kuzungumza hadharani katika YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) ya New York, akilipwa sehemu ya makusanyo. Kilichokuja kuenea ni kozi iliyopangwa, inayofundishwa na wakufunzi wengine na hatimaye na ofisi zenye leseni. FranklinCovey ilizaliwa mwaka 1997 kwa kuunganishwa kampuni mbili, moja ikijulikana kwa shajara za kupangia kazi na nyingine kwa mafunzo ya uongozi. Mwaka 2008 ikaachana na biashara ya shajara, na katika muongo uliofuata ikahamia kuuza usajili wa maudhui yake, yaani mteja analipia kuyatumia kwa kipindi fulani.

Kwako kazi ya kwanza ni kuitoa kozi kichwani mwako. Slaidi pekee si kozi. Unahitaji mwongozo wa mwezeshaji ambao kwa kila kipande unaonyesha dakika, lengo, swali la kufungulia, maelekezo ya zoezi neno kwa neno, majibu ambayo washiriki huyatoa mara nyingi, na nini kikatwe muda ukibana. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, nacho ndicho kinachoharibu siku. Mapumziko yakizidi kwa dakika 20, mwezeshaji mgeni hulikata zoezi na kubakiza maelezo, maana maelezo ni rahisi kuyamaliza. Washiriki wanaondoka wamesikia habari za kutoa mrejesho bila kuutoa hata mara moja. Wekea alama vipande visivyokatwa kabisa.

Wawezeshaji uwachukue kwanza kwa mkataba wa siku, si kwa ajira. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: aitazame kozi nzima mara 2, aendeshe nusu yake ukiwa pembeni, aendeshe nzima ukiwa umekaa nyuma, kisha aende peke yake. Hapo nyuma funga mdomo. Mwenye kampuni akidakia mara mbili tu, darasa zima linajua bosi ni nani, na safari ijayo mteja atakutaka wewe. Kwa sababu hiyo hiyo, mwezeshaji atakayefundisha awepo tangu kikao cha kwanza na mteja.

Usidanganyike na wasemaji hodari. Fomu za mwisho wa siku zitawapa alama za juu, lakini kwenye zoezi la mazungumzo magumu hawavumilii ukimya, wanajijibu wenyewe. Mtafute aliyewahi kusimamia watu, anayeweza kuuliza swali akangoja sekunde 10. Darasa liwe la watu 16 hadi 20, meza za watu 4 au 5. Mteja akikwambia aingize 60 ili kupunguza gharama, hiyo ni hotuba. Iuze kwa jina hilo, na usiahidi mabadiliko ya tabia.

Fedha ndipo wengi wanapozama, tena wakiwa wanakua. Tuseme kundi moja unalitoza 100. Mwezeshaji anachukua 30, usafiri 10, vitini na vifaa 5. Hizo 45 zinatoka mwezi huu, mteja analipa baada ya siku 60. Ukiwa na makundi 4 kila mwezi, utakuwa umetoa 360 kabla ya kupokea malipo ya kwanza, na hapo ofisi na mishahara bado. Kwa hiyo nusu ilipwe mkataba unaposainiwa, na mkataba useme wazi ada ya kuahirisha siku chache kabla ya mafunzo, kwa kuwa tarehe iliyofutwa dakika za mwisho huiuzi tena. Na ikiwa mteja mmoja anabeba zaidi ya theluthi ya mapato yako, tafuta wateja wengine kabla ya kutafuta wafanyakazi.

Sasa kile ambacho kwa maoni yangu kinakufaa kuliko ajira na kuliko mtandao. Donald Kirkpatrick mwaka 1959 alipanga tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki walivyoyapokea, walichojifunza, tabia zao kazini, na matokeo kwa taasisi. Kampuni nyingi huishia ya kwanza. Uza ya tatu. Kabla ya darasa, kaa dakika 20 na bosi wa kila mshiriki, mchague tabia moja inayoonekana kwa macho, mfano kukaa na kila aliye chini yake dakika 30 kila baada ya wiki 2. Siku ya 30 na ya 90 waulize walio chini yake kama jambo hilo linafanyika. Ukimuuliza mshiriki mwenyewe atakwambia ndiyo. Hapo warsha ya siku 2 imegeuka programu ya miezi minne au mitano: darasa, vikao vifupi vya kufuatilia, ripoti kwa mteja. Kundi lile lile linalipa mara kadhaa na gharama ya kumpata mteja umeibeba mara moja. Kinachokwamisha ni mabosi kutohudhuria kile kikao cha dakika 20. Kiwe sharti la kuanza, kisiwe ombi.

Mtandao: kurekodi siku nzima na kuipakia ni kujitafutia ushindani na video za bure. Siku moja ya darasani igawe vipindi 4 vya dakika 90, kimoja kila wiki, watu wasizidi 16, wapewe cha kufanya kila baada ya dakika chache, na awepo mtu wa pili wa kushughulikia vyumba vidogo vya mtandaoni vya kugawia makundi na sauti zinazokatika. Video fupi zinafaa kwa maandalizi tu. Usajili wa mwaka usiufikirie kabla hujawa na kozi kadhaa na wateja wenye wakufunzi wao wa ndani.

Halafu hakimiliki. Mikataba ya taasisi kubwa mara nyingi ina kifungu kinachosema kila kilichoandaliwa ni mali ya mteja. Ukisaini bila kusoma, umeiuza kozi kwa bei ya siku mbili. Tenganisha: maudhui uliyokuja nayo yabaki yako na mteja apewe leseni ya kuyatumia, yale tu uliyomtungia yeye ndiyo mzungumzie. Mwezeshaji wa mkataba aliyeandika moduli naye asaini kuwa hakimiliki inahamia kwa kampuni, kwa sababu katika nchi nyingi bila maandishi hayo inabaki kwake. Na kama vitini vyako vina vipimo vya haiba au michoro ya watu wengine, kata leseni au ondoa. Darasani peke yako hakuna aliyeona. Ukianza kuvichapa kwa mamia, mwenyewe atakuja.

Pa kuanzia: pitia ankara za miezi 24, tafuta kozi iliyonunuliwa tena na wateja wale wale. Andika mwongozo wa hiyo moja tu, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona aiendeshe kwa kundi la majaribio, na hesabu mara alizolazimika kukupigia simu. Kila simu ni ukurasa unaokosekana.