Matusi ya Watani wa Jadi katika Michezo ya Vyuo vya Marekani

Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Duke, kilichoko Durham katika jimbo la North Carolina, hulalamika sana wachezaji wao wanapotukanwa ugenini. Je, wao wenyewe ni wasafi?

Hata kidogo. Januari 1984, timu ya Chuo Kikuu cha Maryland ilipokwenda kucheza mpira wa kikapu Durham, wanafunzi wa Duke walimwandama mchezaji mmoja wa wageni, aliyekuwa amekabiliwa na tuhuma za udhalilishaji wa kingono, kwa kelele chafu na kwa kurusha nguo za ndani za kike uwanjani. Rais wa chuo, Terry Sanford, aliyewahi kuwa gavana wa North Carolina, aliwaandikia wanafunzi barua ya kuwaasa na kutia saini kama mjomba wao, Uncle Terry. Siku chache baadaye ilipokuja timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, ambao ndio watani wa jadi hasa wa Duke, wanafunzi walivaa taji za malaika, na mwamuzi alipowaudhi, badala ya kumtukana, walimwimbia kwa adabu kwamba wanaomba kutofautiana naye. Binafsi naona kejeli hiyo ilichoma kuliko tusi lolote.

Maryland, waliotendewa hayo, walijifunza nini?

Walijifunza kutukana. Mwaka 2004 mashabiki wao walimporomoshea J.J. Redick, mchezaji wa Duke, matusi ya nguoni yaliyosikika hewani katika televisheni nchini kote, na safari hii wa kulalamika wakawa Duke. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa nini chuo hakiwapigi marufuku tu mashabiki wanaotukana?

Inategemea ni chuo cha nani. Duke ni chuo binafsi, hivyo kinaweza kuweka kanuni zake na kumtoa nje anayezivunja, ilhali Maryland ni chuo cha umma kinachobanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ya kijana aliyeingia katika jengo la mahakama Los Angeles akiwa amevaa koti lenye tusi dhidi ya uandikishaji wa lazima jeshini, na tangu hapo tusi peke yake limekuwa gumu kuadhibiwa na dola. Hata hivyo, baada ya mkasa wa Redick, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Maryland ilitoa maoni kwamba kanuni ya kuzuia matusi iliyoandikwa kwa uangalifu ingeweza kukubalika kikatiba.

Mume wangu husema “wao ndio walioanza.” Hoja hiyo ina uzito?

Haina, kwa kuwa upande wa pili nao husema hivyo hivyo.

Je, kutukana dini ya wapinzani ni utani pia?

Sioni utani hapo, kwa sababu anayelengwa si mchezaji aliyekosa mtupo bali familia nzima iliyokaa jukwaani. Chuo cha BYU (Brigham Young University), kinachomilikiwa na kanisa la Wamormoni, kimekutana na matusi ya namna hiyo mara kadhaa: Chuo Kikuu cha Oregon kiliomba radhi mwaka 2022, na mwaka 2025 Big 12, shirikisho la michezo ya vyuo, liliwatoza Chuo Kikuu cha Colorado faini ya dola 50,000.