Pingamizi

Marahaba, mwanangu.

Sura zako saba nimezimaliza, mbili za mwisho nikiwa kwenye foleni ya kliniki. Na swali lako nimelala nalo: "Mama, mbona wapenzi wangu wanagombana kila sura na bado hadithi haisisimui?"

Wanagombana, ndiyo, lakini hawana mgogoro. Nesi wako kamwona fundi pikipiki kapakia mwanamke, akanuna sura mbili nzima. Kumbe ni dada yake! Nilipofika hapo niliweka simu kando nikaenda kumenya ndizi. Swali moja tu, "yule ni nani?", lingemaliza kila kitu, ila wewe umemziba mdomo binti wa watu kwa sababu ulitaka kurasa. (Na mtu anayechoma watu sindano kutwa nzima ataogopa kuuliza?)

Baadaye ukamleta baba anayedai ng'ombe kumi na wawili. Afadhali, hapo pana kitu. Lakini mzee umemfanya ukuta, na wapenzi wako kazi yao ni kulia mbele ya ukuta. Unajua nimekaa miaka mingapi kwenye meza ya ndoa pale bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijalipwa. Watu wazima wawili wanaleta notisi, inabandikwa ubaoni, wanasubiri siku 21, na asipotokea mwenye pingamizi la maana wanaoana, mzee abaki akihesabu ng'ombe wake. Wasomaji wako wengi wanaijua njia hiyo. Basi kwa nini wako hawaendi bomani? Ukinijibu hilo umepata riwaya.

Kuna binti mmoja sijamsahau. Walikuja na mwenzake wanacheka, wakajaza fomu, notisi ikabandikwa. Hakuna aliyepinga. Siku ya 19 akarudi peke yake kuiondoa. Nikadhani kapigwa marufuku nyumbani. Akasema hapana, baba hakumkataza, tena asubuhi ile ndiye aliyempa nauli. "Angenikataza, mama, ningeolewa Jumatatu." Akakunja karatasi yake akaondoka. Nilikuwa nimezoea kupokea pingamizi za wake wa kwanza na za wajomba wenye hasira, lakini la kwake lilikuwa limekaa ndani ya moyo wake, na hakuna karani wa kulisikiliza.

Sasa rudi kwa watu wako. Sura ya kwanza umeandika kwamba nesi alimpenda fundi siku alipomkimbilia mteja hadi stendi kumrudishia chenji aliyosahau. Umeiandika vizuri, kisha ukaitupa. Iokote. Kikoba cha nesi kimevunjwa, akiba imegawanywa, ana fedha. Anamwekea fundi bahasha mezani: "Mpelekee baba. Sema ni zako." Kwake huo si uongo, anamsitiri mwanaume wake asidharauliwe na wajomba. Na fundi, yule yule wa chenji, ataweza kukaa mkekani kwa mkwe na kutamka hivyo? Akikubali, anapoteza kile alichopendewa. Akikataa, nesi ataona anathamini jina lake kuliko ndoa yao, na hatakuwa amekosea sana. Hapo hata mimi sijui nimtetee nani, na nikishindwa kuamua sitaweka simu kando.

Usiharakishe mazungumzo ya bahasha hiyo. Waache waongee waziwazi, kila mmoja amwelewe mwenzake kabisa, na bado wasiweze kukubaliana. Ndiyo maana sitaki siri nyingi. Siri ikifichuka imekwisha, lakini hawa wawili kila wakielezana ndivyo wanavyozidi kuumizana. Halafu mmoja wao apendekeze bomani, kwa hasira au kwa uchovu, nawe uzihesabu siku zile 21 moja moja. Wakikutana kliniki, kwenye daladala, msibani, wote wanajua karatasi iko ubaoni.

Na mzee mpunguzie ukali. Mpe walau sababu moja ambayo binti yake anaiheshimu. Labda shamba liliuzwa ili asome unesi.

Dada wa pikipiki mfute. Na ng'ombe wawe wanane, kumi na wawili kwa fundi pikipiki hata mimi ningemshauri achukue basi la usiku.

Nitumie sura ya nane ikiwa mbichi hivyo hivyo.

Mama yako